Wachangiaji Mia Nne na Kumi na Wawili

Inspekta Efrazia Bura alimwomba muuguzi azipige tena zile namba, kwa mpangilio uleule wa siku Fabiola alipofariki.

"Zote tano, afande?"

"Zote tano. Weka sauti ya nje."

Getruda aliweka simu juu ya meza na kuanza. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili haikupatikana. Ya tatu ilipokelewa na mwanamume aliyesema kwa ukali kwamba yuko Tunduma, hajawahi kufika Hanang, na kama ni wale matapeli wa kutuma pesa kwa makosa wamkome. Ya nne na ya tano hazikupatikana.

"Siku ile ilikuchukua muda gani?"

"Dakika arobaini. Nilirudia kila namba mara tatu, nne. Nilidhani ni mtandao."

Efrazia aliandika. Kituo kile cha afya, mpakani mwa Masakta na Dirma, hakikuwa na akiba ya damu. Kwa miaka minne kilitegemea programu iitwayo Damu Jirani. Muuguzi alituma meseji yenye kundi la damu, programu ikamrudishia majina na namba za watu watano wa karibu waliokwisha kupimwa na kukubali kuchangia. Daftari la kituo lilionyesha kwamba programu ilitumika mara sitini na moja, na mara zote sitini na moja alikuja mtu. Wengine walikuja kwa miguu, wengine kwa baiskeli, mmoja alikuja na trekta la kulimia. Mara ya sitini na mbili ilikuwa tarehe ishirini na moja Aprili. Fabiola, mke wa Ezekiel Margwe, umri miaka ishirini na sita, alijifungua mtoto wa kike saa nne asubuhi na damu haikukatika. Kundi lake lilikuwa O hasi. Majina matano yalirudi ndani ya dakika moja. Hakuja mtu. Alifia ndani ya gari kabla hawajafika hospitali ya Haydom.

"Majina haya yanapangwaje?" Efrazia aliuliza.

"Kwa umbali, afande. Wa karibu anatangulia."

"Na hawa watano walikuwa umbali gani?"

Getruda aliitazama meseji. "Mita hamsini."

"Wote?"

"Wote."

Efrazia alisimama dirishani. Alihesabu mita hamsini kwa macho, upande huu na upande ule. Kulikuwa na tangi la maji, shimo la kuchomea taka na shamba la alizeti. Nyumba haikuwepo.

"Mtu wa O hasi unayemjua kwa sura, aliye karibu, ni nani?"

Muuguzi alielekeza kidole nje. "Konsolata. Wa mashine ya kusaga."

Walitembea hadi kwenye mashine. Efrazia alihesabu hatua zake; haikuwa zaidi ya mita mia tatu. Konsolata alikuwa mwanamke mnene mwenye unga kwenye nyusi. Alizima mashine ili wasikilizane, akasalimia, kisha akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Siku ile ulikuwa wapi, mama?"

"Hapahapa. Tangu asubuhi."

"Simu ilikuwa na chaji?"

"Ilikuwa na chaji, na nilikuwa nimeifunga hapa kwenye kitenge. Nimeshachangia mara mbili kwa njia ya hiyo simu. Haikulia, afande. Nilisikia kilio cha watu, ndipo nikatoka nje kuuliza kuna nini."

Getruda alitazama chini. "Hakuwa kwenye wale watano," alisema. "Programu inaleta watano tu, na mimi niliifuata yenyewe."

Waliporudi ofisini Efrazia alifungua jalada. Askari aliyelifungua alikuwa ameandika namba za simu peke yake, bila majina. Alimwambia Getruda amsomee majina kamili na miaka ya kuzaliwa. Alimsomea wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Wa nne, Bura Akonaay Male. Elfu moja mia tisa arobaini na tatu."

Kalamu ya Efrazia ilisimama. "Miaka sabini na tisa. Mnachukua damu ya mtu wa umri huo?"

"Hapana. Mwisho wetu sitini na tano."

"Na programu haikuuliza?"

"Umri alikuwa anauliza Restituta mwenyewe, yule dada anayepita minadani kupima watu makundi. Ni wa kujitolea. Alikuwa anamkatalia mtu hata kwa mwaka mmoja. Siku hizi haonekani sana."

"Huyu wa nne alifariki mwaka tisini na nane."

"Unamfahamu, afande?"

"Ni baba yangu," alisema Efrazia. "Wa tano anaitwa nani?"

*

Aliyeitengeneza Damu Jirani aliitwa Isidori Qamara, fundi kompyuta wa miaka thelathini na minne, aliyepanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya simu Haydom. Alimwamkia Efrazia shikamoo akiwa bado mlangoni, akampa kiti pekee kilichokuwepo, yeye akakaa juu ya kreti la soda.

"Programu hii ni ya nani?" Efrazia alianza.

"Si ya mtu, afande. Ni huria. Niliiandika mimi, lakini nimeiweka wazi. Yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha, kuichukua akaitumie kwao. Kuna kijana wa Kigoma alirekebisha upande wa meseji. Kuna mama mmoja wa Njombe alipanga hesabu ya umbali. Hatujawahi kuonana."

"Nani anawalipa?"

"Hakuna."

"Na hizi pointi ninazosikia?"

Isidori alivuta pumzi. Mwezi wa pili, alieleza, mtu mmoja wa Arusha anayeitwa Sebastiani aliichukua programu ileile na kujenga dirisha lake juu yake. Aliyesajili mchangia damu kupitia dirisha hilo alipata pointi. Tarehe thelathini Aprili pointi zingegeuzwa kuwa sarafu ya mtandaoni, Sarafu ya Jirani, na sarafu ingeuzwa. Wengine hawakusubiri, walikuwa wakiuziana pointi tangu siku ya kwanza.

"Alikuomba ruhusa?"

"Hakuhitaji kuniomba. Ndiyo maana ya huria."

"Ungeweza kufunga mlango majina yake yasiingie kwenye orodha yako?"

"Ningeweza." Alikuna kidevu. "Wiki ya kwanza waliingia watu mia mbili, na wengi walikuwa wa kweli. Nilifurahi, afande. Miaka minne nilikuwa nabembeleza watu."

Efrazia alitaka kumbukumbu ya mabadiliko. Isidori alimweleza kwamba programu ya namna ile haisahau. Kila jina lililoingia lina tarehe, saa, aliyeliingiza na aliyeliidhinisha. Aliinua kompyuta kutoka sakafuni, akashika ubavu, akakunja uso, kisha akaiwasha. Walitafuta jina la Bura Akonaay. Liliingia Jumanne, tarehe nane Machi, pamoja na mengine, jumla mia nne na kumi na mawili, yote ya kundi O hasi. Aliyeyaingiza alijiita Mgeni. Yaliidhinishwa kuanzia saa nane na dakika sita mchana, yote ndani ya dakika kumi na moja.

"Ufunguo ulioidhinisha ni wa nani?"

"Wangu."

"Nani mwingine anaujua?"

"Andika ni wangu, afande."

"Sikukuuliza niandike nini. Ubavuni una nini?"

"Nilifanyiwa upasuaji. Kidole tumbo."

"Lini?"

Efrazia alinyoosha mkono apewe karatasi ya hospitali. Kijana alikwenda kwenye begi lililoning'inia ukutani, akaleta karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Aliingia tarehe saba Machi. Alipelekwa chumba cha upasuaji tarehe nane, saa saba na nusu mchana.

"Basi uliidhinisha watu mia nne ukiwa umelala kwa dawa ya usingizi."

"Ufunguo ni wangu. Nikimpa mtu, kosa ni langu."

"Ulimpa nani?"

Efrazia alimwuliza mara mbili zaidi, kwa maneno tofauti, na mara zote mbili alijibiwa kwa kimya. Hakikuwa kimya cha mtu mwenye hofu. Alikuwa anamlinda mtu anayemheshimu. Efrazia aliiandika hiyo pembeni ya ukurasa.

"Watu wanaojitolea huzungumzia wapi?"

Alimfungulia ukurasa wa majadiliano. Efrazia aliusoma kuanzia mwanzo, na ilimchukua saa mbili. Miaka ya kwanza ulikuwa mfupi na wa kazi. Mtu aliandika kwamba meseji haifiki mtandao ukiwa dhaifu. Mwingine alijibu amerekebisha, jaribu tena. Wa kwanza akashukuru. Kuanzia mwezi wa pili ukurasa ulifurika. Jumbe zilikuwa mamia kwa siku na karibu zote ziliuliza neno moja: lini? Sarafu inatoka lini? Itaanza kuuzwa lini? Isidori aliomba mara nne mtu amsaidie kukagua majina mapya. Chini ya ombi la nne mtu aliuliza kama ukaguzi una pointi.

Chini ya tarehe kumi na nne Machi aliukuta ujumbe aliokuwa anautafuta bila kujua. Uliandikwa na Oliva, muuguzi wa zahanati moja upande wa Dirma:

"Jamani nimepiga namba tano leo hakuna inayopatikana. Na mmoja wa hawa nimehudhuria mazishi yake. Majina haya yasafishwe, msisajili tena mpaka tujue."

Jibu lilikuwepo moja tu, kutoka kwa aliyejiita Mtamba22. "Usituharibie soko." Watu thelathini na saba walilipenda jibu hilo.

"Uliuona?" Efrazia aliuliza.

Isidori alisogea, akasoma mara mbili. "Sikuuona. Nilikuwa nimetoka hospitali siku chache tu. Naapa, afande, kulikuwa na jumbe mia tatu juu yake."

"Nipe namba ya simu ya huyu Mtamba."

Aliitafuta, akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Efrazia hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada, mahali pa mlalamikaji.

*

Ezekiel Margwe alikuwa zizini Dirma akiwawekea ng'ombe chumvi. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mchanga mapajani. Efrazia alimwamkia mama kwanza, akauliza hali ya mtoto, akaambiwa ananyonya maziwa ya kopo na analia sana. Kisha alimpa Ezekiel karatasi aliyonakili ujumbe wa Oliva na jibu lake.

"Mtamba22 ni wewe?"

Mwanamume aliitazama karatasi muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo.

"Ni mimi."

"Ulijua kwamba majina yale ni ya marehemu?"

"Sikusoma yote, mama. Niliona 'msisajili tena', nikajibu. Niliuza mtamba nikanunua pointi za watu. Fabiola hakutaka. Nilimwambia zikipanda nitamrudishia mitamba wawili." Alirudisha karatasi. "Yule muuguzi aliandika tarehe ngapi?"

"Kumi na nne Machi."

"Na yeye alikufa ishirini na moja Aprili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo niliambiwa."

Efrazia alitoa orodha ya majina mia nne na kumi na mawili, kurasa tisa. "Umewahi kuyaona majina haya? Nani alikuwa nayo?"

Ezekiel alitikisa kichwa, lakini alianza kuyasoma kwa sauti, pole pole, kidole kikifuata mstari. Mwishoni mwa ukurasa wa kwanza alisita. "Margwe Hhawu. Huyu ni babu yangu."

"Rudia," mama yake alisema kutoka mlangoni.

"Margwe Hhawu."

"Rudia na wa kabla yake na wa baada yake."

Alirudia. Mama alikuwa amefumba macho. "Hawa ni wa ushirika," alisema. "Ndivyo walivyokuwa wanaitwa siku ya malipo ya mahindi, mmoja baada ya mwingine, kwa namba. Mkwe wangu alikuwa mzee, nilikuwa nasimama foleni kwa ajili yake. Nikisikia huyo wa kabla, najua sasa ni sisi."

"Walikuwa wanaitwa kutoka wapi, mama?"

"Kwenye daftari."

"Daftari hilo lilikwenda wapi?"

"Ushirika ulikufa, mwanangu. Wafanyabiashara waliporuhusiwa, wakaja na malori yao, nani angesubiri malipo ya ushirika? Mali iligawanywa. Huyu alichukua mizani, huyu mabati. Daftari alibaki nalo katibu, mzee Tluway wa Masakta. Naye alishafariki. Yupo binti yake, yule wa kupima damu."

Efrazia alikunja orodha. Ezekiel alimfuata hadi kwenye gari.

"Hili la kwangu utaliandika kwenye jalada?"

"Nitaliandika."

"Ni kosa la kufungwa?"

"Hapana."

Ezekiel alibaki amesimama pale kama mtu aliyenyimwa kitu.

*

Restituta Tluway alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Efrazia, aliyekuwa na arobaini na mitatu, alimwamkia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu ndani. Nilijua mtakuja, sikujua tu atakuja nani."

Daftari lilikuwa juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha kufumwa. Lilikuwa kubwa, la jalada gumu la kijani, lenye mhuri wa ushirika. Efrazia alilifungua na kulilinganisha na orodha. Mpangilio ulikuwa uleule, hata makosa ya herufi. Namba mia mbili na tisa ilikuwa Bura Akonaay Male, wa mwaka arobaini na tatu.

"Nakuonya," alisema, "hulazimiki kusema lolote. Ukisema, nitaandika, na linaweza kutumika mahakamani."

"Andika."

"Ufunguo wa Isidori uliupata vipi?"

"Alinipa mwenyewe, alipokuwa anakwenda kupasuliwa. Alisema, dada, kituo chochote kikihitaji kitu, usiwaache." Alimkazia macho Efrazia. "Amekwambia?"

"Hajasema. Nimemwuliza mara tatu."

Restituta aligeuza uso upande wa ukuta. Alipogeuka tena macho yalikuwa makavu.

"Miaka minne," alisema, "nilikuwa napita minadani na sanduku la vipimo. Basotu, Dirma, hapa Masakta. Watu mia tisa wa kwanza kwenye orodha ile niliwatoboa vidole mimi. Nilitukanwa kwamba nauza damu za watu. Pikipiki ilikufa nikatembea. Sikuomba kitu, na Isidori hakuwa na kitu. Tulikuwa sawa. Kisha akaja Sebastiani. Nikampigia simu. Nikamwambia, wale mia tisa ni wangu. Akaniambia, dada, hongera sana, lakini hizo ni za zamani, mfumo hauzihesabu. Pointi zinaanzia mwezi wa pili."

"Ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu wiki tatu. Nilitazama. Walikuwa wanatangaza kila Ijumaa mchangiaji bora. Nikaona mchangiaji bora ni mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kushika hata pamba. Anaandika majina kichwani mwake. Na watu wanampongeza. Wanamwita nguzo ya mradi." Alilisukuma daftari. "Baba aliamini ushirika utarudi. Alilitunza hili asije mtu kusema hakuwa mwanachama. Nikasema, hawa nao walichangia hapa maisha yao yote wakaambulia mabati. Wanichangie na mimi."

"Kwa nini O hasi?"

"Kundi adimu lilikuwa na pointi mara tatu."

"Na mita hamsini?"

"Wa karibu na kituo, mara mbili."

Efrazia aliandika yote mawili, moja chini ya jingine. Hakuna aliyepanga kumuua Fabiola. Kila kitu kilichowaleta wale marehemu mbele ya Konsolata kilikuwa kimepewa bei.

"Wewe ndiye uliyekuwa unawakatalia wazee wa miaka sitini na sita," alisema. "Ulijua orodha ile inafanya kazi gani."

"Nilijua."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani nitawatoa tarehe moja Mei. Nilidhani wiki nane si nyingi. O hasi ni mmoja kwa wengi, nikasema haitatokea. Ilipotokea, niliogopa hata kuifungua." Alilifunga daftari. "Mimi nilimpima Fabiola. Nilimwambia, wewe damu yako ni adimu, usihofu, yupo Konsolata."

"Ulilipwa ngapi?"

"Tarehe thelathini sarafu ilitoka asubuhi. Kufika mchana ilikuwa haina bei. Walioianzisha walishauza zao."

Efrazia alimpa maelezo yake ayasome. Aliyasoma yote, akasahihisha jina la mnada mmoja, akatia sahihi.

*

Sebastiani alipokea simu mara ya kwanza ilipolia. Efrazia alimpigia kutoka kituo cha polisi Katesh, mkuu wake wa upelelezi akiwa amekaa upande wa pili wa meza. Sebastiani alikuwa na sauti ya upole, na alianza kwa kutoa pole kwa familia.

"Uliweka pointi mara tatu kwa O hasi," Efrazia alisema.

"Ili wapatikane wengi, afande. Ni kundi lenye uhaba."

"Ulimtuma nani akague kama wapo?"

"Ukaguzi ni wa mradi, si wangu. Orodha si yangu. Hata programu si yangu, ni ya Isidori, jina lake liko juu kabisa, someni. Mimi sikusajili mtu hata mmoja. Mimi niliwapa watu sababu ya kujitolea."

"Sarafu zako uliuza lini?"

"Nina mwanasheria, afande. Nitakutumia namba yake."

Alimtumia kweli, kabla simu haijapoa. Mkuu wa upelelezi aliiangalia, akaangalia jalada, akasema kile ambacho wakili wa serikali alishakisema asubuhi: kwa Sebastiani hawana kosa la kuandika. Restituta Tluway, kuingiza taarifa za uongo kwenye mfumo. Isidori Qamara, kutoa ufunguo wa mfumo alioutengeneza mwenyewe. Majina mawili yalitosha. Restituta alikuwa tayari mahabusu, na Isidori alikuwa ameletwa mchana huo na gari la doria, pamoja na kompyuta yake.

"Orodha bado inafanya kazi," Efrazia alisema. "Kuna vituo kumi na tisa vinaitumia. Wale marehemu bado wako mbele."

"Wapigie simu waache kuitumia."

"Wakiacha watatumia nini?"

Mkuu alisimama. "Kompyuta ya mtuhumiwa ni kielelezo," alisema. "Isiguswe mpaka mahakamani." Alivaa kofia akatoka kwenda kikao cha wilaya.

Efrazia alipiga simu vituo vyote kumi na tisa; kumi na vinne vilipokea, vitano havikupokea. Halafu alikwenda mahabusu, akaagiza watuhumiwa wawili waletwe ofisini kwake. Ilikuwa mara ya kwanza Isidori na Restituta kuonana tangu kukamatwa. Isidori alimwamkia. Restituta aliitikia kwa midomo tu, bila sauti.

"Inachukua muda gani kuwatoa wale mia nne na kumi na wawili?" Efrazia aliuliza.

"Si muda mwingi," Isidori alisema. "Lakini siwezi peke yangu. Programu inataka watu wawili. Mmoja anapendekeza kufuta, mwingine anaidhinisha. Na wa pili mwenye ufunguo wake mwenyewe, wa kufuta tu, ni yeye."

"Ushahidi utapotea?"

"Hapana, afande. Tukifuta, wauguzi hawatawaona tena, lakini kwenye kumbukumbu kila kitu kinabaki, pamoja na saa na jina la aliyefuta."

Efrazia alichukua daftari la matukio. Aliandika tarehe, na saa, kumi na dakika kumi na mbili jioni. Aliandika kwamba kielelezo namba tatu kimefunguliwa na kutumiwa kwa amri yake, kinyume cha maelekezo ya mkuu wake, na sababu yake. Alitia sahihi, akaandika cheo na namba yake ya askari. Kisha aliiweka kompyuta mezani na kuvuta viti viwili.

Walikaa bega kwa bega. Isidori alisoma jina, akabonyeza, akaisukuma kompyuta. Restituta alitazama jina, akabonyeza, akairudisha. Hawakuzungumza kingine. Kwenye ukurasa wa tatu Isidori aliacha kusoma, akafuta uso kwa kiganja.

"Dada, ungeniambia tu," alisema. "Ningekuandika jina lako juu ya langu."

"Soma," Restituta alisema. "Kuna watu wanasubiri."

Alisoma. Efrazia alisimama mlangoni kuzuia mtu asiingie, na alipokaribia saa kumi na mbili Isidori alisema, "Wa mwisho." Restituta alibonyeza. Efrazia alizima kompyuta, akaifungia kabatini, akamwita askari wa zamu awarudishe mahabusu, mmoja mmoja.